Mgonjwa Mlangoni pa Bima

Bima ni ushirika wa watu wasiojuana. Kila mmoja huchanga kidogo, na atakayepatwa na msiba hulipiwa kwa fungu la wote. Msingi wake ni giza la kesho: kwa kuwa hapana ajuaye nani ataugua, kila mtu huona heri kuchanga. Lakini mtu aliyezaliwa na selimundu, au aliyekwisha kupata kisukari, huja na msiba wake mkononi. Kampuni humwuliza maswali, na baada ya kusoma majibu yake humkataa, au humtoza ada kubwa zaidi, au humtaka angoje muda fulani kabla ya ugonjwa huo kugharimiwa. Hupewa mwavuli uliotoboka pale pale mvua inapomwangukia.

Je, hii ni dhuluma? Kampuni haikosi hoja. Nyumba inayowaka moto haikatiwi bima. Kama kila mtu angengoja mpaka augue ndipo ajiunge, ada ingepanda, wazima wangejitoa, ada ingepanda tena, na mwisho wagonjwa wangebaki peke yao wakilipiana kwa fedha wasizokuwa nazo. Anayeipuuza hoja hii hamsaidii mgonjwa hata kidogo.

Walakini mwili si nyumba. Selimundu hurithiwa kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wao wenyewe ni wazima. Mtoto hakushauriwa. Kumtoza zaidi kwa damu aliyopewa ni kumwadhibu pasipo kosa, na ajabu ni kwamba kadiri haja yake ilivyo kubwa ndivyo mlango unavyozidi kuwa mwembamba.

Yamkini kosa limo katika kumwacha kila mtu achague saa ya kuingia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010, na tangu 2014 makampuni mengi ya bima ya afya yamekatazwa kumkataa mtu au kumwongezea ada kwa ugonjwa aliokuwa nao. Wazima nao waliamriwa kujiunga au kutozwa faini, ingawa faini hiyo ya serikali kuu ilishushwa hadi sifuri mwaka 2019. Hapa Kenya, chini ya sheria ya 2023, mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Kipimo ni pato lake, si maradhi yake. Wako wanaonung'unika kuwa kulazimishwa ni kunyang'anywa uhuru. Nami naona uhuru huo ni mwepesi kuupoteza kuliko uhai.

Lakini bima ya jamii hailipi kila kitu, na wengi bado hubisha hodi kwenye makampuni. Hapo ndipo mgonjwa hushauriwa na rafiki zake afiche. Ushauri mbaya: mkataba waweza kubatilishwa siku ile ile alipolazwa kitandani, tena fungu analolichota ni la wenzake. Hata hivyo, karatasi inayomtoza msema kweli na kumpunguzia mwongo, yenyewe inamfundisha nini mtu anayeijaza?