Maji Yanayonyeshea Lami

Je, mtu aliyelipia maji kwa mali yake ya halali ana ruhusa ya kuyamwaga apendavyo? Suala hili laweza kuonekana dogo, nalo si dogo. Tumeona tulizungumze kwa mfano mmoja ambao kila mwenye kwenda Nairobi hukutana nao, nao ni unyunyizaji wa nyasi katika vipande vyembamba vya ardhi.

Ndugu yetu wa pwani apandaye Nairobi kwa biashara, kwa matibabu au kuwatazama wanawe, akisha kusali katika Msikiti wa Jamia ulio kati ya mji, mara nyingi hushika njia ya magharibi kwenda Westlands, Kileleshwa, Kilimani au Lavington. Huko ataona nyasi mbele ya kuta. Vipande vingine upana wake hauzidi hatua moja, na urefu wake ni wa ukuta mzima. Vingine vina pembe tatu, pale njia mbili zinapokutana. Vingine vimejipinda mfano wa mundu kando ya lango la magari. Zamani mitaa hii ilikuwa ya nyumba moja moja zenye viwanja vikubwa. Siku hizi mahali pengi palipokuwa na nyumba moja pamesimama ghorofa la jamaa wengi, na ule uwanja mpana umebaki ukanda tu.

Miezi ya Januari na Februari, kabla ya mvua za masika, nyasi hizi hukauka, na mwenyewe azitaka ziwe kijani. Basi huweka kinyunyizio, kile chombo kizungukacho kinachofungwa mwisho wa mpira wa maji. Chombo hiki tabia yake ni kurusha maji kwa duara, na ukanda si duara. Natuhesabu. Kikirusha maji mita 3 kila upande, duara lake ni kama mita 28 za mraba. Ukanda wenye upana wa mita 1 upitao katikati ya duara hilo haupati zaidi ya mita 6 za mraba. Tukichukulia kuwa maji yaanguka sawasawa, basi katika kila mafungu matano ni fungu moja tu, au zaidi kidogo, lifikalo kwenye nyasi. Mafungu yaliyobaki hupiga ukuta na lami. Ama penye pembe tatu, ncha hazifikiwi na maji, na mwenyewe akitaka nazo zipate, huongeza muda, na lami nayo ikaongezewa.

Ukanda wa mita 1 kwa mita 10, ukitiwa maji ya kina cha milimita 10, wahitaji lita 100, yaani mitungi 5 ile ya lita 20. Kwa njia ya duara, ili ukanda huo uzipate lita zake 100, itabidi zimwagwe kama lita 500, yaani mitungi 25. Mitungi 20 imekwenda njiani.

Sasa zingatia, ndugu msomaji, mahali penyewe. Lavington imepakana na Kawangware. Upande huu mitungi 20 yapita juu ya lami mpaka mferejini. Upande wa pili mama ananunua maji kwa mtungi, naye kwa kila lita hulipa zaidi kuliko jirani yake mwenye bomba nyumbani. Na sehemu kubwa ya maji ya mji huu hayatoki mjini, bali hutoka katika bwawa la Ndakaini, nchi ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Mvua zilipopungua, mji ukatiwa katika mgao mwaka 2017, kila mtaa ukapewa siku zake. Maji ni chungu kimoja, na akimwagaye mmoja hupungukiwa mwingine.

Atasema msemaji: "Mimi nalipa, wala sikuiba." Kweli hakuiba. Lakini natutazame neno israfu lina maana gani. Achukuaye mali ya mwenzake huitwa mwizi; hatumwiti mwenye israfu. Israfu ni kosa ambalo mtu hulifanya katika mali yake mwenyewe, aliyoipata kwa halali. Kwa hiyo kusema "ni yangu" si jawabu la shtaka hili, bali ndiyo sharti lake la kwanza. Malipo yamemtoa katika wizi. Hayakumtoa katika israfu. Mali mkononi mwa mtu ni amana, na mwenye amana huulizwa ameitumiaje, si ameinunua kwa bei gani.

Atasema mwingine: "Maji yangu ni ya kisima nilichokichimba uwanjani mwangu." Naye tumwambie kwamba maji ya chini hayajui kuta za juu. Visima virefu vya Nairobi ni vingi, na maji yake yamekuwa yakishuka chini. Hata Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 imeyaweka maji yote ya nchi mkononi mwa serikali kwa amana ya wananchi. Aliyechimba kisima amemiliki tundu na mashine. Hakumiliki maji yote yaliyo chini ya mtaa.

Wa tatu atasema kuwa nyasi zina faida: huzuia vumbi, hushika udongo, hupendeza macho, na mtunza bustani hupata riziki yake kwazo. Maneno haya ni ya haki, wala hatukusudii kuharamisha uzuri. Hatuulizi kama ukanda ule utiwe maji, bali utiweje. Mtunza bustani aushike mpira kwa mkono wake, maji yatoke polepole karibu na mizizi, asubuhi mapema au jua likisha kupoa. Au ulazwe mpira wenye matundu madogo kwa urefu wa ukanda, maji yadondoke palipokusudiwa. Pale ambapo umbo la ardhi halikubali njia yoyote, paondolewe nyasi, pawekwe mawe au vichaka vistahimilivu. Na mvua ivunwe: paa la mita 100 za mraba, ikinyesha milimita 10, hushusha karibu lita 1,000. Kwa njia hizi kijani kitabaki, na riziki ya mtunza bustani pia itabaki.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya watu wa Nairobi peke yao. Mombasa nayo yaijua mikokoteni ya mitungi na mabomba makavu. Misikiti yetu ya kale ilikuwa na birika na kata, na mwenye kuteka kwa kata huona anachokitumia. Siku hizi bomba hufunguliwa, likaachwa litiririke mtu anapokunja mikono ya kanzu na kuzungumza na mwenziwe. Na imepokewa kwa njia sahihi kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja. Ikiwa hii ndiyo kadiri iliyotosha ibada, vipi tutahalalisha mitungi 20 kwa lami? Na vipi tutamkataza wa Lavington hali bomba la msikitini liko wazi?

Jawabu la suala letu, basi, ni hili. Mwenye kulipia maji ana ruhusa ya kuyatumia kwa haja yake, na uzuri wa nyumba yake ni katika haja hizo. Ama yale yasiyofika kwenye nyasi wala kwenye kinywa cha mtu au mnyama, hayo hana ruhusa nayo, japokuwa amelipa kila senti. Kila mwenye mpira au bomba mkononi naatazame maji yake yanaangukia wapi.