Amua Kabla ya Kuchoka

Kila mtu wa Bunia aijua njia ya Kasenyi. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,270 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Alberti liko chini, karibu mita 620. Ukiisha kupita Bogoro, njia yateremka kwa kona nyingi hata ziwani. Wachuuzi wa samaki hushuka huko na baiskeli tupu, kisha hupanda wakizisukuma zimejaa mizigo.

Jirani yangu mmoja alifanya kazi hiyo. Alikuwa amejiwekea sheria: jua likitua angali Bogoro, hateremki, atalala huko. Sheria hiyo alimwambia mkewe nyumbani, akiwa ameshiba na kupumzika. Jioni moja alifika Bogoro pamoja na mwenzake, jua likizama. Mwenzake akasema, “Ndugu yangu, awahiye mitumbwi asubuhi ndiye apataye samaki wazuri. Tushuke.” Jirani akakataa, mwenzake akashuka peke yake. Kulipopambazuka jirani alimkuta kwenye kona, mguu umevunjika. Akampakia juu ya baiskeli, akamrudisha Bogoro. Siku ile hakununua hata samaki mmoja.

Je, jirani yangu alikuwa na akili kuliko mwenzake? Sivyo. Wote wawili waliijua njia, wote walichoka, wote walitaka fedha. Tofauti ni hii tu: mmoja alikuwa amekwisha kuamua nyumbani, na mwingine aliamua njiani.

Nilikumbuka habari hiyo nilipojifunza juu ya mashindano ya baiskeli ya masafa marefu sana. Nchi jirani ya Rwanda inayo mashindano ya namna mbili. Katika Tour du Rwanda, waendeshaji hupumzika kila jioni, na magari huwafuata yamebeba magurudumu ya akiba. Lakini katika Race Around Rwanda, yaliyoanza mwaka 2020, mtu huizunguka nchi kwa njia ya karibu kilometa 1,000, toka Kigali hata Kigali. Hana gari la kumfuata. Hubeba mwenyewe taa, pampu, viraka na koti la mvua. Tena saa haisimami: alalapo, wakati wake wazidi kuhesabiwa.

Mashindano kama hayo hutaka matayarisho ya miezi mingi. Mwendeshaji huongeza safari zake kidogo kidogo, na huizoea baiskeli ikiwa na mzigo. Hujifunza kula kabla ya njaa, kwa maana akiba ya nguvu iliyomo katika misuli na ini haitoshi kazi ngumu ya siku nzima. Lakini miguu si yote. Yampasa kuamua mapema: nitalala wapi, kwa muda gani, na jambo gani likitokea nitaacha.

Kwa nini mapema? Kwa sababu mtu aliyechoka ni hakimu mbaya. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia walitangaza vipimo vyao: mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hutenda kazi kama mtu mwenye pombe katika damu, kadiri ambayo nchi nyingi humkataza kuendesha gari. Na mlevi, kama mjuavyo, husema, “Mimi sijalewa.” Vivyo hivyo mchovu husema, “Bado naweza.” Na hatari za barabara si mchezo. Mike Hall, Mwingereza aliyeanzisha mwaka 2013 mashindano ya kuvuka Ulaya toka London hata Istanbul, aligongwa na gari akafa huko Australia tarehe 31 Machi 2017, akiwa katika mashindano ya masafa marefu. Sisemi kwamba alikosa. Nasema tu kwamba hata mzoefu kupita wote aweza kupotewa na uhai barabarani.

Labda mmoja wenu atauliza: “Mambo hubadilika njiani. Je, si upumbavu kushika sheria iliyowekwa jana?” Swali ni jema. Nami najibu: njiani waweza kubadili uamuzi wako ili kuongeza uangalifu, lakini si ili kuupunguza. Kama jirani yangu angaliona mvua, angaliweza kulala hata kabla ya Bogoro. Bali kushuka gizani kwa kuwa roho yatamani faida, hapo si akili iliyobadilika. Ni uchovu na tamaa vimeketi katika kiti chake.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorinto, aliwakumbusha jinsi wanamichezo wanavyojinyima kabla ya kushindana. Nasi tufanye hivyo katika mambo yetu madogo. Aendaye sokoni na aamue nyumbani atakunywa chupa ngapi. Atakaye kukopa na aamue kiasi kabla hajaonyeshwa fedha. Tena amwambie mtu mwingine, kama jirani yangu alivyomwambia mkewe, kwa maana sheria ijulikanayo na mtu mmoja tu huvunjwa upesi.

Jirani yangu alipoteza samaki wa siku moja. Juma lililofuata alishuka tena Kasenyi, mchana, kwa miguu yake yote miwili.