Nyumba ya Mtumishi: Je, Ni Hisani au Ni Deni?

Swali tulitakalo kulitazama leo ni swali la nyumba, wala si la fundi mwashi peke yake, bali ni swali la haki. Watu wakiomba waletewe mwalimu wa kuwafundisha watoto wao, au mwuguzi wa kuwatibu wagonjwa wao, naye akaja, je, kumpatia mahali pa kulala ni hisani wanayomfanyia, au ni deni wanalomlipa? Wako watakaosema, "Majina mawili ya nini, na nyumba ni moja? Mradi amelala, yatosha." Sisi twaona sivyo, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika kuwa mikono mingi, na katikati yake mna visiwa na mikoko, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote katika Tanzania. Huko delta ziko kata za Salale, Maparoni, Kiongoroni, Msala na Mbuchi. Kuvifikia vijiji vingi vya huko kwataka mashua au mtumbwi, na kungoja maji yajae. Mtumishi wa mjini akikosa chumba karibu na kazi yake, hupanga mbali, akapanda gari kila asubuhi. Mtumishi wa kisiwani hana njia hiyo: afanyapo kazi, hapo hapo hana budi kulala. Wala vyumba vya kupanga ni shida kuviona, kwa kuwa kila mtu amejenga kwa miti na udongo kwa kadiri ya jamaa yake. Ni nani atakayejenga vyumba vya kumngoja mpangaji mmoja, ambaye pengine haji?

Kibiti mjini mambo ni mengine, lakini shida ni ile ile. Kibiti ilipotengwa na Rufiji ikawa wilaya, katika miaka ya 2015 na 2016, mji ulio kando ya barabara kuu ya kusini ukawa makao ya ofisi, na watumishi wakaja. Wajapo watu wengi kuliko vyumba, kodi hupanda. Tena desturi ya wenye nyumba wengi nchini ni kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja, na hali mshahara waja kwa mwezi. Mwalimu mpya hulianza basi kazi yake kwa kukopa.

Mwisho wa mambo haya twaujua sote. Mtumishi huomba uhamisho, akaenda zake, na darasa likabaki na watoto bila mwalimu. Hapo watu husema, "Watumishi wa siku hizi hawana moyo." Lakini moyo nao hukaa ndani ya mwili, na mwili wataka dari.

Basi deni hili ni la nani? Wa kwanza kutajwa ni Serikali, kwa kuwa ndiyo iliyomwajiri. Ni kweli, sehemu yake ni kubwa. Tangu mwaka 2002 Serikali iliuza nyumba zake nyingi, zaidi ya 7,000, kwa watumishi wake. Aliyenunua alipata nyumba, nasi hatumwonei kijicho. Lakini yule aliyekuja nyuma yake kushika kazi ile ile hakuikuta nyumba. Mwaka 2013 ikaundwa kampuni ya Watumishi Housing ili kuwajengea watumishi nyumba za bei nafuu. Kazi hiyo ni njema, ila nchi ni pana, na kisiwa kilicho nyuma ya mikoko si mahali ambapo mjenzi hufika kwanza.

Wa pili kutajwa ni mtumishi mwenyewe. "Ana mshahara," watu husema, "na ajitegemee." Neno hili nalo lina haki yake, kwa maana mshahara ni wa kumlisha na kumlaza mtu. Lakini fedha hununua kilichopo tu. Mahali pasipo na chumba, mwenye shilingi laki moja na asiye na kitu wote wawili hulala nje.

Wa tatu ni sisi wanavijiji, nasi ndio tusiopenda kutajwa. Twajibu upesi, "Sisi ni maskini. Mafuriko ya mwezi wa Aprili 2024 yalizamisha nyumba na mashamba katika Rufiji na Kibiti. Mwenye nyumba iliyobomoka amjengeeje mtu mwenye mshahara?" Jibu hili si la uvivu, wala hatulidharau. Lakini na tulipime kwa desturi yetu wenyewe. Mkulima wa Rufiji, mpunga wake ukaribiapo kuiva, hujenga dungu juu ya nguzo ndefu, ili mlinzi wa shamba awe juu ya maji, na nguruwe na viboko wasimdhuru. Hata mkulima aliye maskini kabisa hampeleki mwanawe kulinda usiku akamwambia alale matopeni. Dungu si zawadi ya mlinzi. Dungu ni sehemu ya ulinzi, na pasipo dungu hapana mpunga. Vivyo hivyo nyumba ya mwalimu ni sehemu ya shule, na nyumba ya mwuguzi ni sehemu ya zahanati. Akijifungua mama usiku wa manane na maji yamekupwa, mwuguzi alalaye ng'ambo ya mto ni sawa na mwuguzi asiyekuwapo.

Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Sisi mtumishi twampa jembe siku ya kwanza, na kitanda hatumpi hata ya tatu. Tena walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ikiwa mwenyeji ndiye aponaye, basi apasaye kutengeneza mahali ni yeye.

Sasa turudi kwa wale wasemao kwamba hisani na deni ni mamoja. Na watazame yaliyotokea Marekani. Karibu na Chicago, George Pullman, mwenye kiwanda cha mabehewa ya reli, aliwajengea wafanyakazi wake mji mzima wenye nyumba nzuri za matofali, na watu wengi wakamsifu. Biashara ilipolegea kuanzia mwaka 1893, alipunguza mishahara yao, lakini kodi ya nyumba hakuipunguza. Mwenye kazi na mwenye nyumba alikuwa mmoja, na wafanyakazi wakabanwa huku na huku, hata wakagoma mwaka 1894. Nyumba zilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni haki ya mkaaji.

Jambo hilo laweza kutokea kijijini pia, bila kiwanda. Mwalimu alazwaye bure katika nyumba ya mkubwa wa kijiji atasemaje mtoto wa mkubwa huyo akikosa? Mwuguzi kijana, tena mwanamke, aliyepewa chumba kwa upole wa mtu mmoja, atamkataliaje mtu huyo neno lisilofaa? Alalaye kwa hisani hupoteza ulimi wake. Hisani hudai shukrani, wala haina siku ya kwisha. Deni likilipwa, wote wawili huwa huru. Ndiyo sababu twasema majina haya mawili si mamoja.

Kama ni deni, na lilipwe kama deni, kwa kipimo na kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kuisimamia ardhi ya kijiji, na Mkutano Mkuu huidhinisha ugawaji. Basi kijiji chaweza kutenga viwanja karibu na shule na zahanati, mahali pa juu pasipofikiwa na mafuriko. Nguvu za watu na udongo tunavyo; boriti za mikoko zina sheria yake na hutaka kibali; bati na saruji ndivyo vya kuiomba Halmashauri ya Wilaya. Nyumba iwe ya kijiji, isiwe ya mtu. Mkaaji alipe kodi ndogo kila mwezi, apewe stakabadhi, na fedha hiyo itengeneze paa. Naye ana wajibu wake: aitunze nyumba kama yake, na aondokapo aiache kama alivyoikuta.

Na wenye vyumba vya kupanga mjini, je? Hatusemi wapate hasara. Wengine ni wajane, na vyumba viwili ndivyo shamba lao. Kodi ya haki ni ile ilipayo gharama ya nyumba na kumwachia mwenyewe riziki. Kodi isiyo ya haki ni ile ipimwayo kwa shida ya mwenzako: kadiri alivyokosa pa kwenda, ndivyo unavyozidisha. Na kumruhusu mpangaji alipe mwezi kwa mwezi hakumpunguzii mwenye nyumba hata senti moja, lakini humwokoa mwenzake na mkopo.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji walipeleke neno hili katika mkutano wa kijiji ujao. Msianze kwa kuuliza kwa nini watumishi hawakai. Ulizeni kwanza: mtumishi ajaye akishuka mashuani jioni, ni mlango gani atakaofunguliwa kwa haki yake, wala si kwa huruma ya mtu?