Mordekai Hakuchukua Mfanyakazi
Somo: Esta 2:5–11

Esta hakuwa na baba wala mama, na alikuwa ugenini kwa sababu watu wake walihamishwa kwa nguvu. Sisi tunakimbilia taji. Hebu tukae kwanza kwenye mstari wa saba: Mordekai alimchukua akawa binti yake. Si msaidizi wa jikoni. Binti.

Sasa twende Kakuma, kule Turkana. Kambi ile ilianza 1992, wavulana wa Sudan walipofika kwa maelfu bila wazazi. Walikuwa wamekimbia vita wakatembea mpaka Ethiopia, na serikali ya huko ilipoanguka 1991 wakafukuzwa tena. Wengi walikuwa Wadinka na Wanuer. Babu zetu Wajaluo walitoka pande hizo hizo, kwa hivyo tusiseme ni watu wa mbali.

Wasichana pia walikuwako. Wavulana wengi waliwekwa kwa vikundi, wasichana wakapewa familia za kuwalea. Ukisikia hivyo unasema haleluya, afadhali wao. Ngoja. Wengine walipendwa kweli. Wengine wakawa wa kuteka maji, kutafuta kuni na kubeba watoto, huku mwenye nyumba akingojea mahari. Marekani ilipoanza kuwachukua vijana hao mwishoni mwa 2000, wakaenda zaidi ya 3,500. Wasichana hawakufika hata 100. Kwa karatasi walikuwa na familia, basi hakuna aliyewahesabu kama watoto wasio na mtu.

Mimi nilisomea biashara, na najua mnanicheka kwa kupenda mahesabu. Sawa tu. Lakini yule mtoto aliyekuja kwako baada ya mazishi, ama aliyeachwa hapa ufuoni na watu wa boti, umemwandika upande gani wa daftari? Unga anaokula unaujua mpaka kilo. Omena anazoanika alfajiri kabla ya shule hujaziandika popote. Wako ana yunifomu mpya, yeye anavaa iliyobaki. Hayo hapa kanisani hatuyaoni, maana Jumapili wote wanakuja wamepakwa mafuta.

Ona mstari wa kumi na moja. Esta ameshaingia nyumba ya mfalme, chakula kipo, na bado Mordekai anapita pale kila siku kujua hali yake. Kwa hivyo usikasirike afisa wa watoto akibisha kwako. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua malezi ya jamaa na malezi ya kambo, na kwa malezi ya kambo lazima mtu apite kuangalia.

Jumatano baada ya maombi, mimi na mama mchungaji tutakaa pale nyuma. Leta jina la mtoto unayemlea, darasa lake, na cheti cha kuzaliwa kama kipo. Kama hakipo, tutaandamana nawe ofisini. Na ukijua mtoto anateswa, usingoje Jumatano. Piga 116, ni bure.