RANGI YA PAKA NA AMANA YA MOLA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Enyi waumini, katika Sura ya Fatir Mola ametaja rangi mbalimbali za watu na wanyama kuwa ni katika ishara zake. Mwaka 1978 Bibi Jeni Slater alitwaa watoto wa paka karibu na msitu wa Sokoke, wenye manyoya mfano wa gome la mti. Mwaka 1984 kizazi chao kikapelekwa Denmaki, kikaandikiwa nasaba. Kupenda uzuri si dhambi. Lakini paka mweupe mwenye macho ya buluu mara nyingi huzaliwa kiziwi. Basi azalishaye rangi hiyo kwa fakhari humwachia kiumbe udhia. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonya kwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfunga paka bila chakula. Kule Laela, Ufipa, paka asiye na nasaba hulinda mahindi ghalani, naye ni kiumbe wa Mola yule yule. Mfugaji hataulizwa rangi, ataulizwa huruma. Wabillahi tawfiq.