Kisima Kile ni cha Nani?

Kando ya barabara itokayo Likasi kwenda Kolwezi, si mbali na kwetu Mulungwishi, kuna kijiji nilichokuwa nikifundisha katekisimu. Siku moja pampu ya kisima ilivunjika. Wazee wakasema, "Kisima ni cha kompani, kompani itengeneze." Kompani ikajibu kwamba imekwisha kukikabidhi, sasa ni kazi ya Serikali. Serikali ikasema, "Ngojeni." Kina mama wakarudi mtoni na ndoo zao.

Basi, ndugu wasomaji, kisima kile kilikuwa cha nani?

Zamani watu hawakuuliza swali hili. Union Minière, na baada ya mwaka 1967 Gécamines, ilikuwa na nyumba, shule na hospitali kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kazi ilipoanguka katika miaka ya 1990, wengi walibaki kama yatima.

Siku hizi sheria yataka njia nyingine. Sheria ya madini, iliyogeuzwa mwaka 2018, inaiagiza kila kompani inayochimba itenge walau 0.3 kwa mia ya mauzo yake, yaani faranga 3 katika kila faranga 1,000, kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na machimbo. Tena, katika ushuru wa madini, sehemu 15 katika kila 100 ni za mji au utawala wa chifu penye machimbo.

Tazameni maana yake. Fedha hizi si zawadi. Alipaye deni hapigiwi ngoma kana kwamba ametoa sadaka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba kitu kidaiwacho kwa haki kisitolewe kama zawadi ya mapendo.

Lakini haki ina pande mbili. Papa Pius XI alifundisha mwaka 1931 kwamba mkubwa asimnyang'anye mdogo kazi aiwezayo. Kumbe, mdogo naye ana kazi yake! Kompani itoe fedha; Serikali isimamie sheria, na mito isitiwe sumu; sisi tuchague watu waaminifu, tudai hesabu, tulinde kisima. Ushirika ambao ndani yake hakuna anayeulizwa si ushirika, ni kichaka cha kujifichia.

Mwishoni wanakijiji wale walichanga faranga kidogo kidogo, wakanunua kipande kipya cha pampu. Siku ile ile wakaandika barua kudai hesabu ya fedha zao. Wengine waliwacheka: "Mkitengeneza wenyewe, mbona mnadai?" Mimi nasema walitenda vema mara mbili. Mtoto mwenye kiu hawezi kungoja kesi iishe. Wala kesi haifi kwa sababu mtoto amekunywa.