Msiokote Mbegu za Mchikichi

Wajukuu zangu, najua mnaweka akiba hapa Kampala ili mpande michikichi Kalangala. Jambo jema. Ila nasikia mmoja wenu ameahidiwa gunia la chikichi zilizookotwa chini ya miti inayozaa sana hukohuko kisiwani Bugala, azisie mwenyewe, aepuke gharama ya miche. Nawasihi msifanye hivyo, kwa sababu hasara yake huonekana baada ya miaka mitatu au minne, shamba likiwa limekwisha kumeza pesa zenu.

Mchikichi wenye mawese mengi huitwa tenera, nao ni chotara. Mzazi mmoja ni dura, mwenye kokwa ya ganda nene. Wa pili ni pisifera, asiye na ganda kabisa, na mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Hapa hakuna mzazi anayemshinda mwenzake: mtoto hupata ganda jembamba, na nyama ya mafuta hujaa pale ganda lilipopungua. Mafuta yake huzidi ya dura kwa karibu thuluthi.

Waliofumbua siri hii ni watafiti Beirnaert na Vanderweyen, huko Yangambi, Kongo, mwaka 1941. Tenera hubeba jeni moja ya ganda na moja isiyo na ganda, na huipa kila mbegu moja tu kati ya hizo; nyingine hutoka kwa mzazi wa pili. Kule Bugala vidudu hutoa chavua kwa tenera na kuipeleka kwa tenera. Basi katika mbegu nne tarajieni dura moja, tenera mbili, pisifera moja. Hekta moja hupandwa miti 143 hivi. Karibu 36 kati yake itakuwa pisifera: itastawi, itakula mbolea, wala haitawapa mkungu wa kuuza.

Hata hesabu hiyo ni ya wingi. Miche minne yaweza kutoka tenera yote, mkadhani mmepata mbegu teule. Kitaluni macho hayatofautishi. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2013, na kuipima kunahitaji maabara.

Kwa hiyo mkiuziwa miche, msiulize mti ulikuwa na mikungu mingapi. Ulizeni kama mama alikuwa dura, kama chavua ilitoka kwa pisifera, na kama ua lilifungwa mfuko kabla ya kufunguka. Muuzaji akishindwa kujibu, pandeni kivuko mrudi bandarini Nakiwogo mikono mitupu.